Barua ya Wazi kwa Mawaziri: Mlituhesabu Tukiondoka, Hesabuni na Tunaokwama

Kwa Waziri wa Afya na Waziri wa Leba, Nairobi
Kwa Balozi Mkuu wa Kenya, Portland Place, London
Nakala kwa wakuu wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ambao nawaachia kazi ya kutafuta mkalimani

MINT: WAUGUZI WAKENYA UINGEREZA NA NGAZI ISIYOPANDIKA

Waheshimiwa,

Kwetu Kilifi kila mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi huitwa sista. Uwe umeajiriwa juzi au unakaribia kustaafu, mgonjwa atanyoosha mkono kitandani na kusema, "Sista, naomba maji." Nimeitwa hivyo miaka 14, hadi sokoni, hadi msibani. Nilipofika Uingereza ndipo nikajua kwamba sista ni cheo. Kina bendi yake, yaani daraja la kazi, mshahara wake na, hapa nilipo, sare yake ya buluu iliyokoza. Wodini kwetu masista ni wanne, na hakuna mweusi hata mmoja. Lakini njooni saa tisa za usiku mpite kitanda kwa kitanda mwone ni nani anageuza wagonjwa, ni nani anabadilisha dripu, ni nani ameinama na beseni. Ni sisi, Wafilipino, na Wahindi wa Kerala.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu hii ni barua ya nyumbani. Wakuu wa hospitali za huku wameandikiwa sana kwa Kiingereza, na ripoti za ubaguzi wa rangi ndani ya NHS zingejaza kabati. Ninyi sijaona mkiandikiwa, na ninyi ndio mliotia saini.

Ilikuwa tarehe 29 Julai 2021, London. Serikali zetu mbili zilikubaliana wauguzi Wakenya waje kufanya kazi Uingereza. Miezi michache baadaye, mwezi wa Novemba, kwa ombi la Kenya yenyewe, ikawekwa wazi kwamba hospitali za huku zisituchukue kiholela bali kwa kufuata makubaliano hayo. Kwa maneno mengine mlango mliufunga, na ufunguo mkabaki nao. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Juni 2022 kundi la kwanza likaondoka. Mimi nilifuata baadaye mwaka huo huo, baada ya mtihani wa Kiingereza. Mtakumbuka mtihani ule, maana Waziri wa Afya wa wakati huo alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya, 10 tu ndio waliopita. Kenya nzima ilicheka. Nasi tuliosomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, tukaandika kwa Kiingereza faili za wagonjwa maisha yetu yote, tulicheka pia, lakini kwa pembeni. Siku ya kuagwa tulipewa bendera ndogo za mkononi, tukapigwa picha, tukaambiwa sisi ni mabalozi wa nchi.

Sikuondoka kwa kupenda baridi. Nilikuwa nesi katika hospitali ya kaunti moja ya Pwani, inchaji wa wodi ya wazazi, na mshahara ulikuwa ukija unapotaka. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulikwenda miezi mitano. Nilipoitwa London nilikuwa na watoto wawili wa shule na deni la sacco. Hayo mnayajua na sitayarefusha.

Nianze na kitanda namba 11.

Alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, ana homa ya mapafu. Nilipokea zamu saa moja na nusu asubuhi, nikaenda kujitambulisha kama tunavyofundishwa: jina langu fulani, mimi ndiye nesi wako leo. Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele. Kisha akazungumza na aliyekuwa nyuma yangu, msichana wa Kizungu ambaye ni msaidizi tu, hana leseni. Akamwambia anataka nesi wa kweli, na huyu asimguse. Msichana wa watu akaona haya, akainamisha uso.

Nikamwita mkuu wa zamu. Nilidhani atamwendea yule mzee amwambie kwamba nesi wa leo ndiye huyu, hakuna mwingine. Hakwenda. Alinivuta kando, akanibadilishia vitanda, na kwa upole kabisa akasema nisiyaweke moyoni, ni mzee. Kana kwamba mimi sikulelewa na wazee.

Kwenye saa tano hivi pampu ya dripu ya yule mzee ikaanza kulia. Kila nesi anaijua sauti ile, inakwangua ubongo. Ikalia dakika ya kwanza, ikalia ya pili. Mwenzangu niliyebadilishana naye alikuwa msalani na mgonjwa asiyeweza kusimama peke yake. Nikanawa mikono, nikavaa glavu, nikaingia. Mrija ulikuwa umejikunja chini ya kiwiko chake. Nikauinua mkono taratibu, nikaunyoosha mrija, pampu ikanyamaza. Mzee alikuwa amegeukia ukutani. Hakusema kitu, nami sikusema kitu, na sikuandika popote.

Sasa sikilizeni. Tangu Aprili 2020 hospitali za NHS zina ruhusa ya kumnyima matibabu yasiyo ya dharura mgonjwa anayewatusi wahudumu kwa rangi yao. Sisemi yule mzee angetupwa nje, alikuwa mgonjwa kweli. Nasema kanuni ilikuwepo, na hata yale maneno mawili ya kumkanya hayakupatikana. Mwenye sare ya buluu iliyokoza aliona ni rahisi zaidi kunihamisha mimi.

Kuhusu hiyo sare. Nimeomba bendi ya 6 mara mbili. Sisi wote tuliotoka nje huanzia ya 5, uwe na miaka miwili ya kazi au ishirini, na kabla ya kufaulu mtihani wao wa vitendo unakuwa chini zaidi ya hapo. Sina ugomvi na mtihani. Kila nchi ina taratibu zake, na mimi mwenyewe nisingemwachia mgeni wodi yangu siku ya kwanza. Lakini baada ya mtihani ile miaka 14 ilikwenda wapi? Stashahada yetu ya Kenya ni uuguzi, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja. Huku uuguzi na ukunga ni madaftari mawili mbalimbali, nami nimeandikishwa kwenye la uuguzi. Watoto niliowapokea kwa mikono hii, wengine kwa mwanga wa simu umeme ukiwa umekatika, hawamo katika hesabu yoyote.

Usaili wa kwanza niliukosa. Karatasi ya maoni ilisema nina ukali katika kuongea, nijitahidi kuupunguza. Miezi 13 baadaye nikaukosa wa pili, na karatasi ikasema sina kujiamini, nijitokeze zaidi. Zote mbili nimezitia katika mfuko mmoja wa plastiki na cheti changu cha usajili wa Nairobi. Siku nikiwa na nafasi huzitoa nikazisoma kwa kufuatana, nikajiuliza ule ukali ulinitoka lini.

Aliyepata nafasi ile ya pili nilimfundisha mimi kutafuta mshipa kwa mgonjwa aliyenenepa. Ni binti mzuri, sina kinyongo naye hata kidogo. Siku aliyovaa buluu iliyokoza alinijia na keki.

Mtasema haya ni ya mtu mmoja mwenye kisirani. Basi chukueni hesabu za NHS yenyewe, ambayo tangu 2015 inajipima kila mwaka kuhusu usawa wa rangi kazini. Machi 2023, wafanyakazi wasio Wazungu katika hospitali na taasisi zake za Uingereza walikuwa asilimia 26.4. Kwenye bodi, pale panapokatwa shauri la nani aajiriwe na pesa ziende wapi, walikuwa asilimia 15.6. Na kati ya waliokwisha kuchujwa wakafika kwenye usaili, Mzungu alikuwa na uwezekano wa kuchukuliwa mara 1.59 ya ule wa asiye Mzungu. Tena hapo tumetiwa sote katika kapu moja, Mhindi, Mfilipino, Mghana na mimi. Mwezi mmoja kabla ya hesabu hizo, Februari 2023, mahakama ya kazi ilikuwa imeamua kwamba NHS England ilimbagua Michelle Cox, muuguzi mweusi wa ngazi ya meneja, kwa sababu ya rangi yake. Ikiwa meneja hakusalimika, wa bendi ya 5 atapitia wapi?

Wala si jambo la jana. NHS ilianzishwa Julai 1948, na tangu mwanzo ilijengwa na mabinti kutoka Karibiani. Wengi wao waliingizwa katika mafunzo ya miaka miwili badala ya yale ya mitatu, bila kuelezwa tofauti. Walipohitimu wakakuta cheti chao kinaishia ngazi za chini, na huko makwao hakitambuliki. Nimefanya kazi na binti wa mmoja wao, naye sasa ni mtu mzima. Aliniambia mama yake alifahamu alichopewa siku aliyotaka kurudi kisiwani kwao akaandika barua ya kuomba kazi.

Babu yangu mwenyewe alikuwa dresa, mfunga vidonda hospitalini, enzi za mkoloni. Wakati huo, kabla ya tume ya Lidbury ya 1954 iliyopitia mishahara ya watumishi wa serikali, Mwafrika aliyefika vyeo vya juu serikalini alilipwa sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Babu hakufika huko, dresa ni dresa. Lakini alikuwa akisema daktari wake Mzungu alijua dawa na yeye alijua watu, na mgonjwa akizidiwa usiku aliyegongewa mlango ni yeye.

Hilo la kujua watu si la kujigamba, linaokoa roho. Majira ya baridi yaliyopita tulikuwa na mama mweusi aliyekuwa akipumua kwa shida. Kile kibanio cha kupimia oksijeni kidoleni kilisema 94, na kwa daktari kijana wa zamu hiyo ilitosha. Mimi nikamwambia mama afunue mdomo. Ulimi na fizi zilikuwa na ule ujivu ambao kila mkunga wa Kilifi anaujua. Kwetu hatungoji mtoto mchanga awe mwekundu ndipo tuseme amepata hewa. Tunatazama ulimi, fizi, viganja na nyayo. Na vibanio hivyo vinajulikana kwamba kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali ilivyo. Nikamwomba daktari achukue damu ya ateri. Akasita, akachukua, majibu yakarudi mabaya, na mama akahamishiwa mahali panapomfaa. Kijana alinishukuru, na ni haki yake nimtaje. Lakini miongozo inayosema ngozi ya mgonjwa itazamwe vipi huandikwa mezani, nasi mezani hatupo. Machi na Aprili 2020, madaktari 10 wa kwanza kufa kwa korona nchini humu wote walikuwa wa asili ya Afrika, Asia au Mashariki ya Kati. Maswali ya kwa nini ni wao yalianza watu wakishazikwa.

Kwa nini basi hatusemi? Viza yangu imefungwa kwa mwajiri wangu. Akiniachisha, nina siku 60 za kupata mwingine au nifunge virago na watoto. Katika mkataba wangu wa kwanza kulikuwa na kifungu kwamba nikiondoka kabla ya muda fulani nitalipa gharama za kuletwa, maelfu ya pauni, na nilikitia saini nikiwa nimesimama kwa sababu wengine walikuwa wakingoja kalamu. Halafu liko baraza la wauguzi na wakunga la huku, NMC, linaloshikilia leseni zetu. Limekiri lenyewe kwamba waajiri huwapeleka mbele yake wauguzi weusi kupita uwiano wao kwenye daftari. Julai 2024 ikatoka ripoti huru kuhusu baraza hilo hilo, na ubaguzi wa rangi ukakutwa ndani ya ofisi zake. Kuku amshtakie nani, mwewe?

Wiki chache baada ya ripoti ile zikaja zile ghasia za Agosti 2024 za kupinga wahamiaji. Mjini Sunderland, wauguzi wa Kifilipino walioitwa kazini wakapigwa mawe wakiwa ndani ya teksi. Sisi tukaambiwa tusivae sare njiani. Nilikuwa nikiikunja ndani ya mfuko wa dukani, juu yake nimeweka mkate.

Sasa nikiri langu, maana msomaji wa Pwani atanisuta nisipolisema. Kabla ya kaunti nilifanya kazi zahanati moja ya kibinafsi Malindi. Akija mtalii ameungua na jua, hakupanga foleni. Hakuna aliyetuamuru. Mwenye zahanati alikuwa akitokea tu mlangoni, anatazama, basi. Siku moja faili la mama wa Kigiriama mwenye mtoto wa homa lilikuwa juu, nami nikalisogeza chini ili aingie bwana mmoja wa Kiitaliano aliyekanyaga miiba baharini. Mama aliniona. Aliniita sista, akauliza kama zamu yake imefika, nikamwambia bado kidogo. Mtoto alitibiwa akapona, lakini mkono ule uliosogeza faili ninao hadi leo. Kwa hiyo namwelewa mkuu wangu wa zamu kuliko anavyodhani. Hakuna aliyemwamuru, na yeye pia yuko anayemtazama kutoka mlangoni.

Waheshimiwa, ufunguo ule niliosema mnao ninyi. Kila ninaposikia mkitangaza nafasi za kazi ng'ambo nasikia idadi: wangapi wameondoka, wangapi wataondoka, shilingi ngapi zitatumwa nyumbani. Mnatuhesabu mlangoni tu. Makubaliano yakirudi mezani, wekeni ndani yake kwamba kila mwaka hospitali zinazotuchukua zitaeleza Wakenya wako bendi gani baada ya miaka mitatu, wangapi waliomba cheo wakakosa, wangapi wamepelekwa mbele ya NMC na wangapi wameondoka, tena kwa nini. Hesabu hiyo isiishie kwenye droo ya Afya House. Isomwe mbele ya Kamati ya Afya ya Bunge, redio zikisikiliza. Hospitali ambayo baada ya miaka mitatu Wakenya wake wote bado wako pale pale walipoanzia, msiipe wengine mpaka ijieleze. Wanatuhitaji, wodi zao haziwezi kufunguliwa wiki moja bila sisi, na hilo wanalijua kuliko mnavyolijua ninyi.

Miaka ya kazi ya nyumbani ihesabiwe mtu akishafaulu mtihani wao. Mkunga aelezwe Nairobi, kabla hajauza ng'ombe wa babake, kwamba huku ukunga wake utawekwa kando. Na mkataba wa mwajiri tuupate siku 14 kabla ya kusaini, usomwe na mwanasheria wa wizara, hasa penye malipo ya kuondoka mapema. Tukipewa kalamu tukiwa tumesimama tutasaini chochote.

Balozi, kwako nina ombi dogo. Mtu mmoja tu, Portland Place, ambaye amewahi kuvaa sare. Mwanadiplomasia hodari atanipokea vizuri na kuninywesha chai, lakini nikimwambia nimeandikiwa barua ya NMC hataelewa kwa nini sijalala. Mpeni dawati na simu, na awe na ruhusa ya kuiandikia hospitali kwa nembo ya Jamhuri. Hamjui barua yenye ngao na mikuki miwili ingemfanyia nini mkuu wa wodi anayefikiri tumekuja hatuna kwetu.

Kwa wakuu wa NHS, kama mkalimani amefika hapa: karatasi zangu mbili za maoni niko tayari kuzileta ofisini. Mtaniambia nifuate ipi.

Jina langu silitii hapa, na sababu nimekwisha kueleza. Lakini wizara inalo, liko kwenye orodha ya walioagwa na bendera mwaka ule, pamoja na namba ya simu ambayo sijaibadilisha. Wiki hii niko zamu za usiku hadi Jumapili. Mkipiga, pigeni baada ya saa nane mchana, nitakuwa nimeamka.

Wenu,
Muuguzi, bendi ya 5
Kusini mwa Uingereza